Ni ugali na chai zaidi kuliko nyama

Je, wakimbiaji wa masafa marefu wa Kenya wanapata nguvu kwenye nyama na unga wa protini? Hapana, hawategemei hivyo, nguvu yao inatoka kwenye wanga. Mwaka 2004 mtafiti Vincent Onywera na wenzake, akiwemo Yannis Pitsiladis, walichapisha utafiti wa wakimbiaji 10 wa hali ya juu wa Kikalenjin ambao chakula chao kilipimwa kwa wiki nzima kabla ya mashindano. Wanga ulichangia karibu asilimia 76 ya nishati yote, mafuta asilimia 13 hivi, protini 10 tu. Ugali peke yake ulibeba zaidi ya moja ya tano, na sukari, nyingi ikiingia kupitia chai ya maziwa, nayo karibu kiasi hichohicho.

Hiyo protini inaonekana ndogo lakini ilifika gramu 1.3 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza kuanzia 1.2 hadi 2. Kwa hiyo inatosha, tena sehemu kubwa ilitoka kwenye mimea.

Ila usichukue hii kama ruhusa ya kujaza sukari ukiwa unakaa ofisini kutwa, maana hawa walikuwa wanachoma zaidi ya walichokula. Na watu 10 kwa wiki moja hawathibitishi kwamba ugali ndio unaoleta ushindi. Kinachoonekana ni kwamba misuli ya mkimbiaji wa masafa marefu inataka glikojeni, yaani akiba ya wanga iliyohifadhiwa mwilini, na wanga ndio unaoijaza.