Mwekezaji Akiishtaki Serikali

SWALI: Mhariri, kampuni ya China ikikosana na serikali ya nchi ya Afrika ilikowekeza, shauri huamuliwa na nani? Na nchi ikishindwa, haiwezi kukataa kulipa, maadamu ni dola huru?

JIBU: Tazama kwanza mkataba wa kulinda uwekezaji baina ya nchi hizo mbili, ambao pengine ulitiwa saini miaka mingi kabla ya mgogoro. Huo ndio unaoeleza iwapo mwekezaji anaweza kuiacha mahakama ya nchi mwenyeji na kwenda kwa wasuluhishi wa kimataifa, ama katika kituo cha ICSID kilicho chini ya Benki ya Dunia jijini Washington, ama mbele ya jopo linaloundwa kwa shauri hilo peke yake.

Mikataba ya awali ya China ilikuwa na ubahili: kwa kawaida iliruhusu usuluhishi kuhusu kiasi cha fidia ya mali iliyotaifishwa, basi. Wakati huo China ilikuwa mpokeaji wa mitaji na ilihofia kushtakiwa. Mitaji yake ilipoanza kumiminika nje, mikataba yake ikapanuka.

Mfano wa Nigeria unafaa kuzingatiwa. Kampuni ya Zhongshan iliondolewa katika eneo huru la biashara la Jimbo la Ogun, ikashtaki kwa mkataba wa 2001 baina ya China na Nigeria, na mwaka 2021 jopo lililokaa London likaipa fidia ya zaidi ya dola milioni 55 za Marekani. Waliokosa walikuwa hasa watu wa jimbo, lakini aliyebebeshwa deni ni Shirikisho, kwa kuwa sheria ya kimataifa huhesabu matendo ya jimbo kuwa ya taifa zima.

Kukataa kulipa hakumalizi jambo, kwani Mkataba wa New York wa 1958 humruhusu mshindi kuomba utekelezaji katika nchi yoyote mwanachama ambako mali ya mdaiwa inapatikana. Agosti 2024 mahakama ya Paris iliruhusu ndege tatu za serikali ya Nigeria zizuiwe. Zipo mali zenye kinga, hasa za kibalozi, ila mpaka wa kinga hiyo hubishaniwa mahakamani.

Kwa maoni yangu, serikali zipiganie kifungu cha usuluhishi kabla ya kusaini, kwa sababu hata mkataba ukisitishwa, mara nyingi huendelea kulinda uwekezaji uliokwisha kufanyika kwa miaka 10 au zaidi.