Anza na Mfereji Unaovuja

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha hisabati na fizikia kwa wanafunzi wa diploma hapa Nairobi, nilianza somo la kutunza mazingira na barafu inayoyeyuka kule ncha za dunia. Picha nilikuwa nazo, tena nzuri. Darasa likasinzia. Nikisema kweli, hata mimi nilipiga miayo.

Kilichoniokoa ni mfereji mbovu nje ya maabara, uliokuwa ukidondosha maji tangu niripoti kazini. Siku moja niliwagawa wanafunzi makundi mawili, nikawauliza: huu unapoteza maji kiasi gani kwa siku?

Kundi la kwanza lilihesabu matone: 47 kwa dakika. Wakachukua ile kanuni ya matone 20 kwa mililita moja, wakapata lita 3.4. Kundi la pili halikuhesabu tone lolote. Walitega silinda ya kupimia kwa dakika 5, wakakinga mililita 14, yaani lita 4 na ushei kwa siku. Ubishi ukazuka. Kila upande ukadai wenzao hawajui kuzidisha.

Hapo, mwalimu mwenzangu, nyamaza. Mimi jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, nikajifanya natafuta chaki. Robo saa baadaye msichana mmoja akagawanya: matone 235 yametoa mililita 14, basi hapa ni kama matone 17 kwa mililita. Tone la mfereji huu ni nene kuliko lile la kwenye kanuni! Makosa ya vipimo, mada ninayoichukia kuifundisha ubaoni, yakawa yameeleweka kabla sijaandika fomula hata moja.

Kisha, bila kuambiwa na mtu, wakageuza lita kuwa mitungi. Lita 4 kwa siku ni mtungi wa lita 20 kila baada ya siku 5. Mitungi 73 kwa mwaka. Wanaoishi mitaa ya kununua maji kwa mtungi waliguna. Mmoja akauliza maji yenyewe hutoka wapi, tukafungua ramani tukafika bwawa la Ndakaini, Murang'a, linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake.

Ushauri wangu basi: chagua tatizo ambalo wanafunzi wanaweza kulifikia kwa mikono yao. Jalala la Dandora, lililotangazwa kujaa tangu 2001, lina hesabu tele, lakini hakuna mwanafunzi atakayelirekebisha Jumatatu. Raba ya mfereji inabadilishwa kwa dakika 10. Walichora grafu, wakaiambatisha kwenye barua kwa ofisi, na fundi akaja wiki hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimelalamika kwa mdomo muhula mzima.

Ukikosa mfereji, chemsha maji. Sufuria mbili zinazofanana, maji sawa, moja ina kifuniko, nyingine haina. Wapime muda na umeme uliotumika. Waonye mapema kwamba hapa kwetu, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. La sivyo watasubiri 100 mpaka sufuria ikauke, kama walivyonifanyia mimi.

Mwaka uliofuata, kwa kuwa ule mfereji ulishatengenezwa, ikabidi nitafute mwingine. Sikwenda mbali. Choo cha wavulana, matone 31 kwa dakika.