Kabla Hujaomba Bosi Wenu Awekewe Vikwazo

Kijana mmoja wa Kolwezi, mji wa migodi hapa kwetu Kongo, ameniandikia juzi: "Kaka, nina ushahidi wa kutosha. Nisaidie huyu bosi awekewe vikwazo na Marekani kama Gertler." Chini yake picha za majumba na magari, basi.

Mdogo wangu, njia hiyo naijua. Sisi wachache wa Lubumbashi tuliwahi kuandaa faili la mkubwa mmoja aliyewanyang'anya watu mashamba kando ya mgodi. Nilikaa na akina mama waliofukuzwa, nikaandika maneno yao mmoja mmoja, wengine wakinitajia hata idadi ya miembe yao. Shirika moja la Ulaya likalipokea faili, likatusifu sana, kisha likatoa ripoti yenye kurasa zetu bila jina hata la mmoja wetu. Mkubwa yule bado anapanda ndege kwenda Dubai. Nimesamehe, lakini sijasahau, na kazi ile ilikuwa nzuri.

Sasa mtazame Dan Gertler mwenyewe, yule mfanyabiashara wa Israeli wa migodi yetu. Desemba 2017 Wizara ya Fedha ya Marekani ilimwekea vikwazo, yaani mali zake zilizo Marekani zizuiwe na Wamarekani wasifanye naye biashara, chini ya sheria ya Magnitsky, iliyopewa jina la Mrusi aliyefia gerezani Moscow mwaka 2009 baada ya kufichua wizi wa kodi. Wizara ilisema kati ya 2010 na 2012 Kongo ilipoteza zaidi ya dola bilioni 1.36 kwa migodi iliyouzwa kwa bei ya chini kwa kampuni zenye uhusiano naye. Juni 2018 zikaongezwa kampuni 14. Huwezi kuzifikia kampuni kama hizo kwa picha ya jumba. Unahitaji mikataba, hati za usajili, na nani ana hisa ngapi.

Hisa ndiyo roho ya faili. Kampuni ambayo aliyewekewa vikwazo anamiliki asilimia 50 au zaidi nayo inazuiwa, hata isipotajwa popote. Na kwetu, ambako hata kodi ya nyumba tunalipa kwa dola, benki ikiogopa kugusa dola zako umekwisha, maana malipo makubwa ya dola hupitia benki za New York.

Lakini msilale! Januari 2021, siku za mwisho za serikali ya Trump, Gertler alipewa leseni kimyakimya ya kulegezewa vikwazo. Mashirika ya Kongo na ya nje yakapiga kelele, na Machi ikafutwa. Vijana wetu wanapenda kusherehekea jina likitangazwa, kesho yake wamerudi kwenye mpira. Nchi haijengwi hivyo, jamani.

Na mashahidi kwanza. Majina yao yasikae kwenye simu yako, wala kwenye kundi la WhatsApp.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nenda kwenye daftari la biashara, uulize kampuni ile ni ya nani. Ukipata karatasi ya hisa, niandikie. Picha za magari nimeziona za kutosha.