Hiyo "nusu-kipitishi" inapitisha nusu ya nini?

Msomaji kauliza: "Mwalimu, nanotyubu za kaboni ni kipitishi cha umeme au nusu-kipitishi? Naona watu wanaandika vyote viwili, sahihi ni kipi?"

Ndugu yangu, nanotyubu ni mrija mwembamba mno wa kaboni, na vyote viwili vipo, inategemea mrija wenyewe umekunjwaje. Ile karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja unaweza kuikunja kama mkeka, ukingo ukutane na ukingo sawasawa au uende mshazari, na kila mkunjo una namba zake mbili. Toa moja kwenye nyingine, jibu likigawanyika kwa 3 inapitisha umeme kama metali, lisipogawanyika ni semikondakta, yani hiyo nusu-kipitishi. Yani ya 10 na 10 (jibu ni 0, linagawanyika) ni metali, ya 10 na 9 ni semikondakta, na upana wao ni nanomita 1.36 na 1.29 tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita)! Kaboni ileile. Kwa hiyo anayeandika "nanotyubu ni kipitishi" akaweka nukta kakuacha njiani, maana kwenye mchanganyiko wa kawaida za metali ni kama theluthi moja tu.

Sasa hili neno "nusu-kipitishi" linanikera kwelikweli. Nusu tumeipata kwa Waarabu na kwetu ni kipimo, nusu kilo, nusu saa, basi mtu akisikia nusu-kipitishi anaelewa waya unaopitisha nusu ya umeme na nusu nyingine inapotea sijui wapi. Hakuna kitu kama hicho! Semikondakta ina pengo la nishati ambalo elektroni lazima ziruke ndo umeme upite, na kwenye nanotyubu pengo hilo linapungua kadiri tyubu inavyokuwa pana. Ukiweka volti pembeni yake unaiwasha, ukibadilisha volti unaizima, na ndo maana mwaka 1998 kule Delft, Uholanzi, waliweza kutengeneza transista, yani swichi ndogo ya umeme, kwa nanotyubu moja tu. Ile ya metali hata ufanyeje haizimiki, ikijipenyeza kwenye chipu inaharibu kazi. Mwaka 2019 watu wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walitengeneza prosesa (ubongo wa kompyuta) yenye transista za nanotyubu zaidi ya 14,000, na moja ya shida kubwa waliyopambana nayo ni hizo za metali. Sasa niambie, hapo nusu iko wapi? Kinachotakiwa ni kuwaka na kuzima, we unaniletea habari za nusu!

Najua "semi" nayo asili yake ni nusu huko Kilatini, lakini masikioni mwa Mswahili haina kipimo, haimpotoshi mtu. Mimi naandika semikondakta. Mwalimu aliyezoea nusu-kipitishi sitagombana naye, ila awaambie wanafunzi siku hiyohiyo kwamba hiyo nusu haipimwi.