Waini ya kale ilivukaje bahari bila kugeuka siki?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Natengeneza waini kidogo ya zabibu hapa Dodoma, ikifika miezi mitatu minne imeshakuwa siki. Sasa nasoma kwamba watu wa kale walikuwa wanaipakia melini inavuka bahari na joto lote lile, waliwezaje? Alafu wanajuaje chungu cha miaka 8,000 kilikuwa na waini? Na huku pwani yetu ilifika?

JIBU: Marahaba. Tuanze na siki maana ndo inayokuuma. Wale bakteria wanaogeuza pombe kuwa siki wanahitaji hewa, ukiwanyima oksijeni hawana ujanja. Shida ya mtungi wa udongo ni kwamba una vitundu vidogo vidogo, waini inajipenyeza kutoka na hewa inajipenyeza kuingia, hata ukiuziba mdomo vizuri. Kwa hiyo watu wakisifia meli na mabaharia mimi huwa nasema hapana, sifa wapewe waliogema utomvu wa miti.

Kule Hajji Firuz Tepe, milima ya Zagros, Iran, kulikutwa mitungi ya kama lita 9 ya miaka ya 5400 mpaka 5000 KK, na ndani kuna mabaki ya waini pamoja na utomvu, ambao unapunguza makali ya bakteria. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kupaka utomvu ukutani kwa ndani. Meli mbili za Wafoinike, wale wafanyabiashara wa baharini wa Lebanoni ya kale, zilizozama karne ya 8 KK mbali na Ashkelon, pwani ya Israeli ya leo, zikachunguzwa 1999 zikiwa kwenye kina cha mita 400 hivi, kila moja imefunikwa na mitungi karibu 400, na iliyopimwa imepakwa utomvu ndani. Warumi ndo wakafanya viwanda kabisa: wanapika utomvu wa msonobari mpaka unakuwa lami, wanapaka, wanajaza, wanaziba kwa kizibo cha gome la mti na plasta juu. Meli yao moja iliyozama Madrague de Giens kusini mwa Ufaransa karne ya 1 KK ilibeba mitungi zaidi ya 6,000, kila mmoja ukijaa unakaribia kilo 50, imepangwa tabaka tatu, ile ncha ya chini ya mtungi inakaa katikati ya mabega ya mitungi ya chini yake, haichezi. Walikuwa pia wanaongeza juisi ya zabibu iliyochemshwa ikawa nzito, sukari inapanda. Ila wengine walichemshia kwenye vyombo vya risasi, na hiyo ni sumu, usiige.

Na wala usipake lami ya barabara, nawajua nyie. Wewe jaza chombo mpaka shingoni, weka kile kifuniko kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, osha vyombo kwa maji ya moto, ikitulia ihamishie kwenye chupa na uzibe siku hiyohiyo. Nina uhakika ndoo yako ina nafasi tupu juu.

Kuhusu chungu: pombe yenyewe inapotea mapema, tunachotafuta ni asidi ya tartariki. Zabibu inayo kwa wingi, matunda mengi hayana, na ikikutana na kalsiamu inatengeneza chumvi isiyoyeyuka kirahisi, inaganda ndani ya vile vitundu maelfu ya miaka. Vigae vya nchi ya Georgia vya kama 6000 KK, matokeo yake yalitoka 2017, vilikutwa nayo. Utauliza kama si juisi tu. Kwenye joto juisi ya zabibu haikai siku nyingi, hamira iko kwenye ganda la zabibu lenyewe, itachacha utake usitake. Ushahidi mzuri zaidi kwangu ni pango la Areni huko Armenia, kama 4000 KK, maana pale kuna sehemu ya kukamulia, mitungi ya kuchachushia, mbegu na maganda yaliyokamuliwa, vyote mahali pamoja.

Pwani yetu ilifika. Periplus, kile kitabu cha mfanyabiashara wa Kigiriki cha karne ya 1 BK, kinataja waini na ngano kuletwa baadhi ya bandari za upande wa Rhapta, bandari ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, na kinasema wazi si kwa kuuza, ni ya kujenga urafiki na wenyeji, takrima hiyo. Ukiokota kigae cha zama hizo huku ukakuta asidi ya tartariki usishangilie, ukwaju umejaa asidi hiyohiyo. Mimi ningepima lami ya msonobari kwanza, maana huo mti haukuwepo pwani yetu, kwa hiyo lami yake ikionekana kwenye kigae imekuja na mtungi.