Uliza Ujibiwe: Maharusi wa kifalme wanapataje jina la cheo?

SWALI: Assalaam aleikum dada wa Uliza Ujibiwe. Niko Chumbageni, Tanga, nawasoma siku nyingi. Juzi kwenye kikundi chetu cha kina mama tulikuwa tunaangalia video za harusi ya Harry, mjukuu wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na Meghan, tukaishia kubishana. Mmoja anasema hilo jina la cheo chao, Sussex, walijichagulia wenyewe, mwingine anasema ndiko alikozaliwa bwana harusi, mimi nikasema labda ni eneo alilopewa atawale, kama watoto wa Mfalme Kimweri kule Usambara enzi zile. Nani yuko sawa? Na mtu akipewa cheo anaweza kukataa?

JIBU: Waaleikum salaam mama yangu. Hapo hakuna aliyepatia, ila swali lenu nimelipenda mno kwa sababu watu wengi wanaangalia gauni na keki, jina linawapita hivi hivi.

Tuanze na kuzaliwa. Harry kazaliwa London, Sussex iko pwani ya kusini mwa Uingereza, na ziara yao rasmi huko wakiwa na jina hilo waliifanya tarehe 3 Oktoba 2018, yaani harusi ilishapita miezi kadhaa. Kutawala nako hakuna. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki 1862, aliwaweka wanawe kwenye nchi mbalimbali za Usambara na kule walikuwa machifu kweli kweli, wanaamua kesi, wanapokea kodi. Duke wa leo, yaani mwenye cheo cha juu kabisa kati ya hivi vya kupewa, hana hata diwani mmoja chini yake, halmashauri za Sussex zinaendeshwa na watu waliopigiwa kura, yeye kabeba jina tu.

Na anayelitoa ni mfalme au malkia, kwa hati yenye muhuri wa ufalme. Hata familia ikikaa ndani ikashauriana vipi, neno la mwisho ni lake. Siku ile ya 19 Mei 2018 tangazo lilitoka asubuhi, bibi harusi hajaingia hata kanisani pale Windsor, kwamba Malkia Elizabeth kamfanya mjukuu wake kuwa Duke wa Sussex, na pia Earl wa Dumbarton na Baron Kilkeel, vyeo vidogo kuliko Duke.

Sasa jina linachaguliwaje, hapa ndio pana utamu wenyewe. Kwanza lazima liwe tupu, yaani aliyekuwa nalo kafariki na hakuacha wa kulirithi, au limesharudi kwenye ufalme. Ni kama kiwanja cha mirathi, unaweza kukiona kimeota majani ukadhani hakina mwenyewe kumbe warithi wapo. Cumberland na Albany ndivyo yalivyo. Waliokuwa nayo walikuwa upande wa Ujerumani kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, wakavuliwa mwaka 1919 kwa sheria iliyopitishwa 1917, lakini sheria hiyo hiyo imewaachia wajukuu wao mlango wa kuomba warudishiwe, kwa hiyo nani atampa mwanawe jina la namna hiyo siku ya harusi?

Pili wanaangalia nani alilibeba kabla. Clarence kwa mfano, Duke wake mmoja wa karne ya 15 aliuawa mwaka 1478 kwa kosa la kumsaliti kaka yake mfalme, halafu Albert Victor, aliyekuwa Duke wa Clarence na Avondale, alifariki kwa mafua makali Januari 1892 akiwa na miaka 28, harusi yake imebaki wiki chache tu, na yule mchumba Mary mwaka uliofuata akaolewa na mdogo wake marehemu. Mimi mwanangu nisingempa jina hilo, hata anililie. Na York, ambalo kwa desturi hupewa mtoto wa pili wa kiume wa mfalme, nalo limeingia doa juzi juzi tu, Oktoba 2025 Mfalme Charles alipoanza kumvua mdogo wake vyeo, sasa hivi anaitwa Andrew Mountbatten Windsor basi.

Sussex lilikuwa safi. Alipewa Augustus, mtoto wa Mfalme George III, mwaka 1801. Huyu bwana alioa mara mbili, zote bila idhini ya mfalme, na sheria ya 1772 ilikuwa inataka idhini, kwa hiyo wake zake hawakutambuliwa kuwa Duchess (mke wa Duke) wa Sussex. Alipofariki 1843 jina likakaa tupu miaka 175, kwa hiyo Meghan ndiye Duchess wa Sussex wa kwanza kabisa. Na Augustus alikuwa anaunga mkono kukomeshwa kwa utumwa! Sisi watu wa mwambao, tunaoishi na Pangani na Bagamoyo na yote yaliyopita pale, tunajua uzito wa hilo, na bibi harusi mwenye asili ya Kiafrika kupewa jina hilo, kwa kweli mimi lilinigusa sana.

Na yale majina mawili madogo msiyadharau. Dumbarton iko Scotland, Kilkeel ni mji mdogo wa wavuvi Ireland ya Kaskazini, kwa hiyo kila upande unapata chake. William, kaka yake Harry, naye 2011 alipewa Cambridge ya England, Strathearn ya Scotland na Carrickfergus ya Ireland ya Kaskazini. Wales hapo haikupewa kitu kwa sababu ina cheo chake kikubwa cha mrithi wa kiti.

Kukataa inawezekana. Mark Phillips, aliyemwoa Princess Anne, binti wa Malkia Elizabeth, mwaka 1973, hakuchukua cheo, ndio maana watoto wao Peter na Zara hawana cheo chochote, na wanaishi zao vizuri tu. Edward, mdogo wake Anne, yeye alisubiri, alipooa 1999 alipewa Earl wa Wessex huku ikielezwa kwamba Edinburgh ya baba yake itamfikia baadaye, akaipata 10 Machi 2023 siku aliyotimiza miaka 59, na ni ya maisha yake tu, wanawe hawatairithi.

SWALI: Mimi niko Bagamoyo. Mbona Meghan hawamwiti Princess Meghan kama walivyokuwa wanasema Princess Diana?

JIBU: Mdogo wangu, Princess Diana ni watu tulivyozoea mtaani, rasmi alikuwa Princess wa Wales kwa cheo cha mumewe. Kule aliyeolewa hapachiki Princess kwenye jina lake mwenyewe, hilo ni la aliyezaliwa binti wa ukoo, kama Princess Anne. Mke anafuata la mume. Ukitaka kuona inavyokuwa mume akikosa cheo cha kupewa, mwangalie mke wa Prince Michael wa Kent, binamu yake Malkia Elizabeth, wameoana 1978 na mpaka leo rasmi anaitwa Princess Michael wa Kent, mwanamke mzima na jina la kiume! Bila Sussex, Meghan angeitwa Princess Henry, maana Harry jina lake halisi ni Henry.