Maswali ya Wasomaji: Siku Moja Tarpon Springs, Mji wa Wagiriki na Sifongo

SWALI: Habari za kazi. Ninaishi Tampa na wanangu wawili, mmoja ana miaka 7 na mwingine 11. Kila mtu ananiambia niwapeleke Tarpon Springs wakaone mji wa Wagiriki. Tuna Jumamosi moja tu. Tuanzie wapi ili siku isiishie madukani?
— Mama wa wawili, Tampa, Florida

JIBU: Mama, anzeni gatini, na mfike kabla ya saa nne asubuhi. Kutoka Tampa ni kama maili 30, yaani kilomita 48 hivi. Hesabu saa nzima, kwa sababu foleni za Jumamosi haziaminiki. Ukipita Veterans Expressway, jua kwamba barabara hiyo ya kulipia haina kibanda cha pesa taslimu: kamera husoma namba ya gari, bili ikaja baadaye, na kama gari ni la kukodi, kampuni inaweza kuongeza ada yake juu. Keystone Road itawaingiza mjini. Huko mbele inabadilika jina na kuitwa Tarpon Avenue, kwa hiyo msidhani mmepotea.

Gati la sifongo, yaani mnyama wa baharini ambaye kiunzi chake hutumika kuogea, liko kando ya mto Anclote, kwenye mtaa wa Dodecanese Boulevard. Maegesho mengi hapo ni viwanja vya watu binafsi, kwa hiyo beba noti ndogondogo. Ukikubali kutembea dakika tano, mara nyingi bei inashuka.

Kabla ya duka lolote, pandeni boti ya maonyesho. Ni safari ya nusu saa hivi. Mzamiaji huvaa vazi la zamani mbele ya abiria: kofia ya shaba inayofungwa kwa skrubu shingoni, viatu vyenye soli za madini ya risasi, vazi zima likipita kilo 70. Anashuka majini, kisha anaibuka na sifongo mkononi. Waambie watoto kwamba hayo ni maonyesho tu. Sifongo za biashara huvunwa nje kabisa, katika Ghuba ya Meksiko.

Waelezeni pia Wagiriki walifikaje huko, maana bila hilo mji haueleweki. Mfanyabiashara John Cheyney alikuwa ameshaanza biashara ya sifongo tangu miaka ya 1890, lakini wavunaji wake walizing'oa kwa mikuki mirefu yenye kulabu wakiwa juu ya mashua, hivyo hawakufika kina kirefu. Mwaka 1905 John Cocoris, Mgiriki, alileta wazamiaji na mavazi yao, na baada yao wakafuata watu wa visiwa vya Kalymnos, Symi na Halki. Visiwa hivyo ni vya kundi la visiwa vya Kigiriki liitwalo Dodecanese, ndiyo maana mtaa unaitwa hivyo. Mwaka 1947 maji mekundu yenye sumu ya mwani yaliua sifongo nyingi, na sifongo za viwandani zikamaliza soko lililobaki. Biashara ilisinyaa, lakini jamii haikuhama.

Kosa tunaloliona zaidi ni hili: watu hufika saa sita mchana, wanakula, wananunua sabuni, jua linawachoma, wanarudi nyumbani wakisema mji ni maduka tu. Hawakufika kanisani. Kanisa Kuu la Mtakatifu Nikolao, lililojengwa mwaka 1943 kwa kufuata mfano wa Hagia Sophia ya Istanbul, liko kwenye Pinellas Avenue, kama kilomita moja kutoka gatini. Mkiingia, mabega yafunikwe, wanaume wavue kofia, na kama kuna harusi au mazishi subirini nje. Toka hapo mteremke hadi Spring Bayou, dakika chache kwa miguu. Wakati wa baridi manatii, ndugu wa nguva wetu, huingia humo kutafuta maji ya uvuguvugu. Watoto wanyamaze, watazame puani: hupumua kwa kishindo kidogo na kuacha duara juu ya maji.

Juni hadi Septemba radi hupiga alasiri, kwa hiyo boti asubuhi, kanisa mchana. Ufuko wa Fred Howard Park uacheni kwa siku nyingine. Ni mzuri, ila hautaki haraka.

SWALI: Mwanangu aliyeko Florida aliniletea sifongo ya kuogea kutoka Tarpon Springs. Ikiwa na maji ni laini sana, lakini ikikauka inakuwa ngumu kama mkate wa juzi, na siku hizi inanuka. Je, ameuziwa bandia?
— Bibi wa Kisauni, Mombasa

JIBU: Shikamoo, Bibi. Hakuuziwa bandia. Ile ya plastiki ndiyo hubaki laini hata ikiwa kavu. Sifongo ya kweli ni kiunzi cha mnyama wa baharini: nyuzi nyembamba zilizosukana, ambazo hukakamaa zikikauka na kulainika ndani ya sekunde chache zikipata maji. Wala si dodoki. Dodoki ni tunda la mmea unaotambaa, na ukilikata utaona mianya ya mbegu. Maduka ya kule huuza vyote viwili, wakati mwingine kapu kwa kapu.

Harufu inatoka kwenye sabuni na mafuta ya mwili yaliyobaki ndani ya matundu. Chukua lita moja ya maji ya uvuguvugu, tia kijiko kikubwa kimoja cha bikaboneti ya soda (ile ya kupikia, si hamira, na si magadi), loweka sifongo dakika 15, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe. Rudia kila wiki. Ikamue kwa kuibana viganjani, usiisokote kama dekio, maana nyuzi hukatika. Itundike penye upepo, isilale kwenye kisahani cha sabuni. Usiichemshe: itasinyaa na haitarudi. Jiki pia usiiguse, inakula nyuzi.

Mwanao akirudi dukani, aulize aina iitwayo sifongo ya sufu. Ndiyo laini na ndiyo inayodumu. Ya njano ni ngumu kidogo na bei yake ni nafuu, inafaa kusugulia vyombo. Ya nyasi huchakaa mapema. Achague ya rangi ya kahawia ya asili, kwa sababu iliyong'arishwa sana kwa dawa imeshapunguzwa nguvu. Aibonyeze pia: ikitoa mchanga kidogo si kasoro, ataisuuza. Ikimeguka, airudishe kapuni.

Ikitoka baharini huwa na ngozi nyeusi. Mabaharia huirundika sitahani chini ya magunia yaliyoloweshwa, nyama yake ioze, kisha huipiga na kuikwangua mpaka kibaki kiunzi. Sheria ya Florida hairuhusu kuvuna iliyo chini ya inchi 5, na mzamiaji mwema hukata akiacha shina mwambani ili iote tena. Tena Bibi, si lazima itoke Marekani: huko Jambiani, Unguja, wako akina mama wanaolima sifongo kwa kutundika vipande kwenye kamba baharini.

SWALI: Ile sherehe ya vijana kuzamia msalaba ni lini, na wageni wanaruhusiwa?
— Msomaji, Clearwater

JIBU: Ni tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania, na imefanyika hapo tangu 1906. Wageni wanakaribishwa. Baada ya ibada, maandamano hutoka kanisani hadi Spring Bayou, binti huachia njiwa mweupe, askofu hutupa msalaba, na vijana wa kiume wa miaka 16 hadi 18 huruka kutoka kwenye mitumbwi iliyopangwa nusu duara. Tukio lenyewe ni la dakika chache, na anayeupata hubarikiwa. Kwa hiyo shika nafasi ukingoni mapema, muda wa saa mbili kabla vijana hawajaruka. Barabara za karibu hufungwa, egesha mbali.

SWALI: Sisi ni Waislamu. Tutakula nini huko?
— Baba Salma, St. Petersburg

JIBU: Samaki na pweza wa kuchoma ndio salama zaidi, ila uliza kama vimepikwa kwa mvinyo. Gyro, nyama inayokatwa kutoka kwenye mshikaki mkubwa unaozunguka, mara nyingi ni ng'ombe na kondoo, lakini hiyo haimaanishi ni halali, na suvlaki, yaani mishikaki ya Kigiriki, huweza kuwa ya nguruwe. Spanakopita ni spinachi na jibini ndani ya unga mwembamba kuliko manda za sambusa. Saladi ya Kigiriki ya huko huja na saladi ya viazi chini yake, sahani moja inatosha wawili. Halafu agizeni loukoumades. Mtazitambua mara moja: ni kaimati, ila badala ya shira zina asali na mdalasini. Ziagizeni mkiwa mmeshakaa, kwa sababu zikipoa ganda linalegea.